Mimba na dawa za akili: namna ya kuzikutanisha kliniki mbili zisizozungumza

Ujumbe ninaoupata hubadilika mtaa tu. Leo ni Kayole, kesho Kawangware, keshokutwa Githurai. "Sista, nilipima nikapata nina mimba, nikaacha dawa siku hiyo hiyo. Sasa sipati usingizi." Wengine huniandikia wakiwa wameshatoka wodini. Karibu wote walikuwa na nia njema: walitaka kumlinda mtoto.

Mwongozo huu ni wa mwanamke wa Nairobi anayetumia dawa za saikosisi (hali ya kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), ziwe ni za skizofrenia, za bipola au za saikosisi iliyompata baada ya uzazi uliopita, na sasa ana mimba au anaitafuta. Kinachowaangusha wengi ni kitu kidogo: kliniki ya akili haijui kwamba una mimba, na kliniki ya wajawazito haijui kwamba unameza dawa. Faili mbili, milango miwili, na katikati ni wewe na matatu. Hatua zote hapa chini ni za kuziba pengo hilo.

Mimi ni muuguzi. Siwezi kukubadilishia dozi kwa maandishi, na usimkubali yeyote anayejaribu.

## Vitu vya kuandaa

- Dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye pakiti au bahasha zake, pamoja na ulizoacha miezi sita iliyopita. Zile bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa "1x2" kwa kalamu zipige picha kabla wino haujafutika.
- Kadi ya kliniki ya akili.
- Kitabu cha mama na mtoto. Kama huna, utapewa siku ya kwanza kliniki ya wajawazito.
- Kitambulisho na usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ukiwa na simu ya kabambe, piga *147#. Fanya hivyo mapema, usingoje uchungu ukushike ndipo uanze kutafuta nambari.
- Karatasi mbili za A4 na kalamu.
- Mtu mmoja. Awe mume, dada, jirani wa plot au shangazi, mradi awe ni yule anayeweza kukutazama usoni na kusema, "Wewe jana hukulala." Upendo peke yake hautoshi, tunatafuta jicho.

## Hatua ya 1: Siku ya kipimo, endelea kumeza

Umeona mistari miwili. Usiku wa leo meza dawa kama ulivyomeza jana, kisha uhakikishe umeonana na daktari wa akili ndani ya siku saba. Kama tarehe yako ya kliniki ni mwezi ujao, usiingoje.

Kwa nini? Kwanza, kuacha kwa ghafla ndiyo njia ya haraka ya kurudiwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe haumhurumii mtoto. Mama aliyerukwa na akili hali, halali, hahudhurii kliniki, na anaweza kujidhuru. Mwishowe hupelekwa hospitali akachomwa sindano za dozi kubwa kuliko vidonge alivyokuwa akivikimbia.

Pili, hesabu ya siku. Mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Wanawake wengi hugundua mimba wakati huo umeshapita au unapita. Kutupa dawa wiki ya nane hakurudishi nyuma kilichokwisha kuumbika.

Tatu, kwa wenye bipola kuna takwimu ambayo huwa naiandika ukutani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti nyingi, uliwaangalia waliorudiwa na ugonjwa baada ya kujifungua. Kati ya kila 100 waliokaa bila dawa wakati wa mimba, 66 walirudiwa. Kati ya kila 100 walioendelea na dawa za kinga, walirudiwa 23.

Tahadhari ya pekee. Angalia kama ndani ya bahasha kuna valproeti (wengi huijua kwa jina la Epilim), kabamazepini (Tegretol) au lithiamu. Hizi si dawa za saikosisi, ila mara nyingi hutolewa pamoja nazo. Valproeti ndiyo inayotisha kuliko zote: kati ya watoto 10 waliokuwa tumboni mama akiimeza, takriban mmoja huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na watatu hadi wanne huchelewa katika ukuaji wa akili. Ukiiona, hizo siku saba hazikuhusu. Nenda kesho asubuhi. Hata hivyo usiiache mwenyewe njiani, hasa kama una kifafa, maana degedege la ghafla nalo laweza kuua.

Je, kama ulishaacha wiki mbili zilizopita? Usirudi kwenye dozi kamili kwa uamuzi wako. Nenda useme ukweli. Aliyekuwa kwenye klozapini akikosa dozi kwa zaidi ya saa 48 hawezi kuendelea pale alipoachia. Huanzishwa upya kwa dozi ndogo sana, mg 12.5, huku akiangaliwa presha na mapigo ya moyo.

Hatua hii imekamilika ukiwa na tarehe ya karibu ya kumwona daktari na hujaruka kidonge hata kimoja.

## Hatua ya 2: Andika karatasi moja

Hii ndiyo hatua ambayo watu huipuuza, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Daktari wa kliniki yenye foleni ana dakika chache. Ukianza kusimulia tangu ulipokuwa Kidato cha Tatu, dakika zitaisha kabla hujafika kwenye mimba. Karatasi husema haraka kuliko mdomo, tena haina aibu.

Andika haya, kwa mpangilio huu:

1. Jina, umri, na siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.
2. Jina na simu ya yule mtu wako mmoja.
3. Kila dawa, miligramu zake, saa unayoimeza, na tangu lini. Nakili jina herufi kwa herufi kutoka pakitini. Hapa ninayaandika majina kwa matamshi yetu, lakini kwenye karatasi yako usitegemee sikio, maana dawa mbili tofauti zinaweza kupishana kwa herufi mbili tu.
4. Dawa zilizowahi kukushinda, na zilikufanya nini.
5. Mara ya mwisho ulipougua: mwaka gani, ulikuwa umeacha dawa au la, ulilazwa siku ngapi.
6. Mimba zilizotangulia, na hali yako wiki za kwanza baada ya kila uzazi.
7. Kisukari, presha au kifafa, kwako au kwa wazazi wako.
8. Dalili zako za mwanzo kabisa. Kila mtu ana zake. Mmoja huanza kufua nguo saa tisa usiku, mwingine huanza kuzima simu za watu nyumbani.

Mfano wa mstari mzuri: *Olanzapini mg 10 usiku tangu Machi 2022. Niliacha 2023 kwa wiki tatu, nikalazwa. Haloperidoli ilinikaza shingo.* Maneno machache, na daktari tayari anajua asirudie nini.

Nakili mara mbili, moja kwa kila kliniki, na ubaki na picha kwenye simu. Kuijaribu, mpe mtu wako aisome kwa dakika mbili kisha akueleze hali yako. Akiweza, hata daktari ataweza.

## Hatua ya 3: Anza na kliniki ya akili

Nenda palipo faili lako: kama ni Mathari pale Thika Road, Kenyatta, au hospitali yoyote ya kaunti. Fika mapema, na ukiwa dirishani pa kuandikisha sema waziwazi, "Nina mimba na ninatumia dawa za hapa." Sentensi hiyo mara nyingi hubadilisha nafasi yako kwenye foleni.

Ukiingia, toa karatasi, kisha uulize:

- Je, dawa hii ndiyo iliyonishika vizuri zaidi? Kama ndiyo, kuna sababu ya kuibadilisha?
- Naweza kutumia dawa moja badala ya tatu?
- Dozi gani ndiyo ndogo inayonitosha?
- Mimba ikikua, nani atakayeangalia kama dozi bado inatosha, na tarehe gani?
- Nikianza kuugua tena, nimpigie nani kabla sijafikia kulazwa?

Neno la kuzingatia hapo ni "inayonitosha". Dozi iliyopunguzwa kwa woga ni hasara mara mbili: mtoto anapata dawa, na mama anapata ugonjwa.

### Dawa kwa dawa

Kabla ya kuzipitia, jua kwamba hakuna mimba isiyo na hatari kabisa. Hata kwa mama asiyemeza chochote, takriban watoto 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Swali la kuuliza ni: dawa hii inaongeza kiasi gani juu ya hapo?

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulipitia mimba zaidi ya milioni 1.3. Watafiti walipozingatia tofauti za afya kati ya kina mama, dawa za saikosisi za zamani na za kisasa kwa jumla hazikuonekana kuongeza kasoro za maumbile kwa kiwango cha maana. Risperidoni peke yake ndiyo iliyobaki na ongezeko dogo.

Haloperidoli na klopromazini (Largactil) ni wazee wa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa vituo visivyo na madaktari wengi wa akili, huzitaja hizi, kwa vidonge na kwa dozi ndogo, kwa mjamzito mwenye saikosisi. Ubaya wake ni kukakamaa kwa misuli kwa ile ya kwanza, na usingizi na kizunguzungu kwa ya pili. Ukiwa na Largactil, usiruke kitandani. Kaa kwanza ukingoni, ndipo usimame.

Olanzapini na kwetiapini zimetumiwa na wajawazito wengi, na zinamfaa aliyezizoea. Bei yake ni uzito na sukari, tutarudi huko.

Risperidoni, licha ya lile ongezeko dogo, haitupwi ikiwa ndiyo inayokushika. Ina ujanja wake mwingine: hupandisha homoni ya maziwa na kusimamisha hedhi, kwa hiyo unaweza kuwa na mimba ya miezi minne ukidhani ni ile kawaida ya dawa. Kinyume chake pia hutokea. Mwanamke huhamishwa kutoka risperidoni kwenda olanzapini, hedhi inarudi kimyakimya, na mimba inamkuta hajajipanga.

Klozapini ni ya wale walioshindwa na nyingine zote, na kuiacha kwao ni hatari kubwa. Vipimo vya damu vya chembe nyeupe vinaendelea mimba nzima. Iachie daktari bingwa.

Sindano ya mwezi, kama Modecate, hukaa mwilini wiki nyingi na haiwezi kutolewa ikishaingia. Kwa kawaida mjamzito haanzishwi sindano hii kwa mara ya kwanza. Ila kama umekuwa nayo miaka na kila ulipoiacha ulilazwa, daktari anaweza kuona ni heri uendelee.

Artane, kile kidonge cha kulegeza misuli, kisiwe cha mazoea. Uliza kama dozi ya dawa kuu inaweza kurekebishwa ili usikihitaji.

Ukitoka chumbani uwe na mambo mawili yaliyoandikwa kwa mkono wa daktari: dawa uliyokubaliana naye, na barua fupi ya kwenda kliniki ya wajawazito. Daktari wa akili akisahau barua, rudi mlangoni. Usione haya kurudi mlangoni.

## Hatua ya 4: Kliniki ya wajawazito

Anza kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mahudhurio nane katika mimba moja, na wewe ni wa mwisho kufaa kuyapunguza.

Kwenye benchi la kliniki kila mtu husikia kila kitu. Usilazimike kutamka neno "saikosisi" mbele ya wanawake ishirini. Mpe sista karatasi pamoja na barua na useme, "Naomba usome hii kabla hatujaongea."

Wapo watakaokupokea vibaya. Nimewahi kuwa chumba kimoja na mwenzangu aliyemwambia mama, "Na hali hii ulitafuta mimba ya nini?" Niliona haya badala yake. Likikupata, usijibizane na usiondoke. Sema, "Naomba kumwona msimamizi wa kliniki." Ukiondoka kwa hasira, anayekosa huduma ni wewe.

Hakikisha haya yameandikwa ndani ya kitabu cha mama na mtoto, yasibaki kichwani mwa mtu:

- jina na dozi ya kila dawa;
- picha ya ultrasaundi ya kukagua viungo vya mtoto, kati ya wiki ya 18 na 22;
- kipimo cha sukari cha kunywa glukosi, kati ya wiki ya 24 na 28, kwa sababu olanzapini, kwetiapini na klozapini zinaweza kuipandisha;
- uzito na presha kila hudhurio;
- uzazi ufanyike hospitali yenye chumba cha watoto wachanga.

Kuhusu vidonge vya foliki: vile vya kliniki vilivyochanganywa na madini ya chuma vina mg 0.4. Aliyekuwa kwenye valproeti au kabamazepini huhitaji zaidi, kwa kawaida mg 5, naye aulize siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Miezi ya katikati, penye mitego midogo

Hapa hakuna jambo kubwa. Kuna vijiwe vidogo vya njiani, na vimeangusha wengi.

Kutapika na Plasil. Ukienda duka la dawa ukisema unatapika, kuna uwezekano mkubwa upewe Plasil. Plasil ikikutana na haloperidoli, risperidoni au Modecate inaweza kuleta kukakamaa kwa shingo na taya, au kutotulia kabisa. Sema unachotumia kabla ya kulipa. Na kama unatapika vidonge vyenyewe, jaribu kuuliza kama dawa inaweza kuhamishiwa usiku, wakati tumbo limetulia.

Kiungulia. Dawa nyeupe ya majimaji ya kutuliza asidi huzuia Largactil kufyonzwa vizuri. Acha saa mbili kati yake.

Choo kigumu. Madini ya chuma hufunga, klopromazini na klozapini hufunga, na mimba yenyewe hufunga. Maji, sukuma, mapapai, na kutembea. Siku tatu bila choo, ukiwa kwenye klozapini, ni safari ya hospitali. Chuma usikimeze na chai. Chai hukizuia kuingia mwilini, hata ile ya saa nne uliyoizoea. Na odowa, yale mawe laini ya kioski, najua tamu yake mimba ikiwa changa, lakini nayo hupora chuma na kuziba tumbo.

Sigara, miraa na muguka. Moshi wa sigara huifanya miili yetu kuchoma olanzapini na klozapini haraka. Ukiacha kuvuta, jambo jema sana, kiwango cha dawa hupanda na usingizi ukazidi. Mjulishe daktari uache kwa mpango. Miraa na muguka huiba usingizi, na usingizi ndio nguzo yako.

Dawa kupungua nguvu. Kadiri mimba inavyokua, ini hubadilisha kazi. Kiwango cha kwetiapini na aripiprazoli (nayo ni dawa ya saikosisi) kwenye damu hushuka sana kuelekea miezi mitatu ya mwisho, hata kama unameza kidonge kile kile. Ukianza kulala kwa muda wa saa tatu tu badala ya saa saba, usidhani ni mtoto anayepiga mateke tu. Rudi kliniki ya akili wiki hiyo.

Maombi na mitishamba. Omba, uombewe. Kama kuna mfungo, dawa haifungi pamoja nawe. Mitishamba ya "kusafisha mtoto" usiitumie bila kuitaja kliniki. Nyingine hukaza mfuko wa uzazi.

Mjamzito anayekwenda vizuri hapa ana sura moja: analala, anakula, na vitabu vyote viwili vina tarehe za mwezi huu.

## Hatua ya 6: Panga uzazi kufikia wiki ya 32

Chagua mahali. Kama unaweza kupata hospitali yenye idara ya akili na leba ndani ya ua mmoja, kama Kenyatta, umepunguza nusu ya kazi. Ukichagua Pumwani au hospitali ya kaunti, hakikisha barua ya daktari wa akili imo ndani ya kitabu na kwamba inasema nini kifanyike ukianza kuugua ukiwa wodini. Kujifungulia nyumbani au kwa mkunga wa mtaani si kwako safari hii, kwa sababu ya mtoto kuliko kwa sababu yako.

Usipunguze dawa mwenyewe wiki za mwisho "ili mtoto azaliwe safi". Huo ndio wakati unaoihitaji zaidi.

Begi la hospitali liwe na vidonge vya wiki mbili. Wodi ya uzazi inaweza isiwe na dawa zako, na nimeona mama akikosa dozi siku tatu kwa sababu kila mtu alidhani mwingine amempa.

Mtoto akizaliwa, waambie wampime na kumwangalia kwa makini. Tangu mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka maelezo ya dawa zote za saikosisi yataje kwamba mtoto aliyezipata miezi mitatu ya mwisho anaweza kuonyesha:

- kutetemeka au kulia bila kutulizika;
- mwili kukakamaa au kulegea kupita kiasi;
- usingizi mzito, asiyeamka kunyonya;
- kupumua kwa shida.

Kwa watoto wengi hali hii hupita ndani ya saa au siku chache. Wachache huhitaji oksijeni au kukaa chumba cha watoto wachanga. Kwa hiyo usikubali kuondoka baada ya saa 24 kwa sababu vitanda vimejaa. Omba siku mbili au tatu. Ukitolewa mapema, orodha hii hapo juu ibandike jikoni, na dalili moja tu ikitokea rudi na mtoto mara moja, hata usiku.

## Hatua ya 7: Siku 14 za kwanza

Saikosisi ya baada ya kujifungua hupata takriban mama mmoja au wawili kati ya 1,000. Kwa mwenye bipola hesabu ni nyingine kabisa: takriban mmoja kati ya watano hupatwa na hali kali. Aliyewahi kuipata uzazi uliopita yuko kwenye hatari kubwa kuliko hao. Mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza, na inaweza kugeuka ndani ya saa chache.

Linda usingizi kwanza. Lengo ni saa tano hadi sita mfululizo kila usiku. Kwenye bedsitter hili ni gumu, najua, lakini linapangika. Unanyonyesha saa tatu usiku, unameza dawa, unalala. Mtu wako anashika zamu hadi saa tisa, akimpa mtoto maziwa uliyokamua mchana. Mtoto asilale kitanda kimoja nawe ukiwa umemeza dawa ya usingizi mzito. Alale kando yako, mahali pake.

Wageni? Wanakuja na njahi, uji na maneno mengi, na huondoka saa nne usiku. Mtu wako awe bawabu. Njahi ipokelewe, mgeni ashukuriwe mlangoni.

Kunyonyesha. Olanzapini na kwetiapini huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo, na kina mama wengi huendelea kunyonyesha. Haloperidoli pia mara nyingi hukubalika kwa dozi za kawaida. Mwangalie mtoto: ananyonya kwa nguvu? Anaamka mwenyewe? Uzito unapanda? Mama wa klozapini hashauriwi kunyonyesha, maana dawa hiyo inaweza kumlaza mtoto na kushusha chembe nyeupe za damu yake. Na kama kunyonyesha usiku kucha kunakuvunja, maziwa ya kopo si dhambi.

Dalili ambazo mtu wako lazima azijue. Mpe mwenyewe aya hii aisome:

Akikaa usiku mzima macho na asubuhi hana uchovu. Akizungumza haraka, mawazo yakirukaruka. Akisema mtoto si wake, amebadilishwa, au ana ujumbe maalumu. Akisikia sauti. Akikushuku wewe uliyempikia. Akisema bora yeye na mtoto wasiwepo. Usijadiliane naye na usimpeleke kwanza kwa mtu wa kumtoa pepo. Usimwache peke yake na mtoto hata dakika moja. Mpeleke siku hiyo hiyo kwenye chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, ukiwa na karatasi. Ukikwama, piga 999 au 112. Kwa ushauri wa simu, Msalaba Mwekundu wa Kenya wako kwenye 1199.

Hali hii hutibika, na wengi hupona na kurudi kulea watoto wao. Inayoua ni kuchelewa.

## Hatua ya 8: Wiki ya sita

Chanjo ya mtoto ya wiki ya sita itakupeleka kliniki kwa vyovyote, basi wiki hiyo hiyo pitia na ya akili. Dozi iliyopandishwa wakati wa mimba inaweza kuhitaji kushushwa sasa, maana ini limerudia kazi yake ya zamani na dawa ile ile inaweza kukulaza mno. Zungumzia uzazi wa mpango pia. Ukiwa kwenye kabamazepini uitaje, kwa sababu hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi na za kipandikizi cha mkononi.

Kisha toa ile karatasi ya A4, hata kama imechakaa na ina doa la uji. Chini yake ongeza mistari mitatu: dawa gani ilikushika, dozi ilibadilishwa wiki ya ngapi, na mtoto alikuwaje siku tatu za kwanza. Iweke ndani ya kitabu cha mama na mtoto, nyuma ya ukurasa wa chanjo, mahali utakapoiona mimba nyingine ikija.